Sitaha ya Chombo Kidogo: Neno Lake na Mbao Zake

Huku kwetu Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, hatukuzaliwa mabaharia. Maji yetu yalikuwa ya mito tu, mpaka lilipojengwa Bwawa la Mindu katika miaka ya 1980, likapokea mto Ngerengere na mto Mzinga na mingineyo, ili mji wa Morogoro upate maji ya kunywa. Penye perege na kambale hapakosi wavuvi, na wavuvi hawakosi maneno ya pwani: omo, tezi, mkuku, mataruma, sitaha.

Neno hilo la mwisho ndilo nitakalo kulieleza, maana wasiojua asili yake huharibu fedha na mbao. Mtu akiulizwa sitaha ni nini, hujibu kwamba ni sakafu ya chombo, mahali pa kusimama. Jibu si baya, lakini ni nusu. Neno latoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni uso wa juu wa kitu, hasa ule uso bapa wa juu ya nyumba. Basi sitaha ni paa kabla ya kuwa sakafu; tena ni paa lililolala, likanyagwalo kutwa. Achaguaye mbao zake kama za sakafu hutazama ugumu na ulaini tu. Achaguaye kama za paa huuliza kwanza habari za mvua.

Mzee mmoja jirani yangu alinunua mashua kuukuu akaitengeneza upya. Mataruma yalikuwa mazima, na mbao za ubavuni nazo nzima. Sitaha ndiyo iliyooza. Akanunua mbao za msonobari, nyeupe, zilizopigwa randa vizuri, za bei nafuu, akazipaka rangi upande wa juu. Nami nilikuwapo, nikazisifu. Masika ya pili mpwa wake alisimama omoni akivuta wavu, ubao ukakatika, mguu ukazama hata paja na kuchanika vibaya, na chombo kikalala ubavu karibu kupinduka. Tulipong'oa mbao zile tuliona rangi nzima kabisa, na chini yake ubao umekuwa kama mkate uliolowa.

Kiozeshacho ubao si maji yenyewe, ila kuvu. Nayo kuvu yahitaji unyevu pamoja na hewa. Ubao uliozama daima haupati hewa ya kutosha, na ubao mkavu haupati unyevu. Ubao wa sitaha hupata vyote viwili, hasa kwenye vichwa vya mbao, penye misumari, na pale ubao ulaliapo mhimili. Rangi ya upande mmoja huzidisha madhara: maji huingia kwa chini na kwa vichwani, kisha hayana njia ya kutoka. Chumvi huizuia kuvu. Ndiyo sababu mabaharia wa zamani walikuwa wakiosha sitaha kwa maji ya bahari, wakapata na faida ya pili, kwamba mbao hazikukauka zikaachana. Sisi wa Mindu hatuna chumvi. Mvua yetu tamu, na bwawa letu tamu.

Hapa yafaa kuangalia tusifuate sifa za pwani bila kupima. Fundi wa pwani huogopa sana yule mnyoo wa baharini atobaye mbao zilizo majini, na hupaka chini ya chombo deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Mnyoo huyo haishi bwawani kwetu, wala hapandi sitahani hata huko kwake. Ubao usifiwao kwa sababu yake haukusifiwa kwa ajili ya sitaha.

Miti ifaayo ni michache. Mvule hustahimili kuvu na mchwa, ingawa vumbi lake huwasha pua na ngozi, na mara nyingine huwa na mawe ndani yatiayo msumeno ubutu. Msaji, ambao wengi huuita mtiki, una mafuta ya asili, nao hupandwa katika mkoa wetu, Mtibwa na bonde la Kilombero. Mninga haujikunji sana ukilowa na kukauka, na kwa chombo kidogo mimi naupenda kuliko yote. Mkangazi ni mwepesi, lakini hauifikii mitatu hiyo kwa kudumu. Mwembe ni wa kuchonga mitumbwi ya bei ndogo, si wa sitaha. Plaiwudi isiyogandishwa kwa gundi ya kuhimili maji huachana matabaka.

Lakini jina la mti halitoshi. Ule ubao mweupe ulio karibu na gome huoza upesi hata katika mvule na msaji, na msaji uliokatwa mchanga una sehemu kubwa ya weupe huo. Mchonga mizinga ya nyuki na mchonga mitumbwi hutupa moyo wa mti na kubakiza nje. Kwa hiyo achongaye gogo jembamba hubaki na weupe mtupu. Fundi wa sitaha na afanye kinyume, achukue moyo. Kisha atazame kichwa cha ubao: mistari ikiwa imesimama, ubao utatulia, ikiwa imelala, utajikunja kama kigae. Tena ubao uwe mkavu, uliopangwa kivulini miezi mingi na vijiti kati yake. Misitu ya juu ya Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, basi ubao uulizwe alama ya nyundo na hati ya kusafirishia.

Huko Lamu mafundi waliunda mashua kwa plastiki iliyookotwa, wakaishusha majini mwaka 2018, na mwaka 2019 ikasafiri mpaka Unguja. Plastiki haiozi, lakini mwenye mashua moja bwawani hana mashine ya kuyeyushia.

Sitaha iliyokalafatiwa kwa pamba na mafuta ni nzuri kwa chombo kikubwa. Kwa kidogo, heri mbao za unene wa inchi 1 na upana wa inchi 3 au 4, zisizopigiliwa, zenye nafasi ya kidole kidogo kati yake, ziinuliwazo. Maji yatashuka ngamani, ndiko marejeo ya waendao tezi na omo, nayo yatakumbwa kwa kopo. Mafuta au rangi ipakwe pande zote na vichwani, kabla ya kutandika.

Yule mzee alipata mbao za mninga katika milango ya nyumba iliyobomolewa, zilizokauka miaka mingi. Mpwa wake, ambaye bado anachechemea kidogo, huziinua kila jioni na kuziegemeza mwembeni mpaka asubuhi.