Hoki ya Barafuni na Istilahi Zake

Mfasiri wa habari za timu ya vijana ya Urusi hukabiliwa na swali: je, mchezo huu nao ni mpira wa magongo? Istilahi hiyo imekwisha zoeleka kwa mchezo wa uwanja wa kawaida, ambao Tanzania iliucheza katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980.

Barafuni hapana tufe. Kipigwacho ni kipande bapa cha mviringo, chenye kipenyo cha sentimeta 7.62 na unene wa sentimeta 2.54. Kimetengenezwa kwa mpira, lakini si mpira wa kudunda. Hapo ndipo msomaji hupotoshwa. Twapendekeza "hoki ya barafuni" kwa mchezo, na "kisahani" kwa kipigwacho.

Tusiandike "hoki ya theluji". Theluji huanguka toka angani. Barafu ni maji yaliyoganda, ambayo mwanafunzi wa Kabuku huyaona dukani. Wala tusiseme "timu ndogo": wachezaji uwanjani ni sita vile vile, pamoja na mlinda mlango, kilicho kidogo ni umri. "Timu ya vijana" yatosha.

Istilahi hizi si za Urusi peke yake, kwani Nairobi nako hoki ya barafuni huchezwa.