Daktari wa Zamu Atafute Nyumba Wapi Eastlands?

Daktari aliyekuwa akihudumu Kitale au Garissa anapopata nafasi ya kusomea ubingwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wazo lake la kwanza huwa karo. La pili ni wapi atalala. Masomo hayo huchukua miaka mitatu hadi mitano kutegemea fani, na sehemu kubwa ya muda huo hupitia wodini, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Hospitali hiyo, iliyoanzishwa mwaka wa 1901, iko karibu na Upper Hill, magharibi ya katikati ya jiji. Kodi za Kilimani na Hurlingham ni nzito kwa wengi, kwa hiyo macho hugeukia mashariki, yaani Eastlands: Buruburu, Donholm, Umoja, Komarock, Kayole, Tassia, Pipeline. Huko nyumba ni nafuu, mboga ziko mlangoni na matatu hazikosi. Tatizo ni kwamba wapangaji wengi huikagua nyumba Jumamosi mchana, mtaa ukiwa umechangamka, halafu wakalipa. Nyumba ya daktari wa zamu inafaa ipimwe kwa saa mbili nyingine: saa nane za usiku anapoitwa wodini, na saa tatu asubuhi anapojaribu kulala baada ya kukesha.

Tuanze na usiku. Matatu za Eastlands, kama zile nambari 58 za Buruburu zinazopita Jogoo Road, hukomea katikati ya jiji. Anayekwenda Kenyatta hushuka, akavuka mji kwa miguu na kupanda gari la pili. Mchana hilo ni usumbufu tu. Alfajiri, akiwa na simu na kipakatalishi begani, ni hatari asiyopaswa kuizoea. Treni ya abiria inayotoka Embakasi kupitia Makadara husaidia asubuhi na jioni, lakini haina msaada kwa anayeitwa usiku wa manane. Kwa hiyo hesabu ya kodi haikamiliki bila nauli ya teksi kwa kila zamu ya usiku katika mwezi. Nyumba ya Kayole inayoonekana rahisi huenda, teksi zikijumlishwa, ikamgharimu zaidi ya chumba kidogo kilicho karibu na hospitali. Mvua za masika za Machi hadi Mei zikianza, nauli hupanda na foleni hurefuka.

Usingizi wa mchana ni jambo la pili, na hapa mitaa ya Eastlands haifanani hata kidogo. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, nyumba zikizunguka nyua zenye lango moja. Nyua hizo zina utulivu, ila malango mengi hufungwa usiku, na daktari anayetoka saa zisizo za kawaida hana budi kuelewana mapema na soja. Pipeline na Tassia ni hadithi nyingine: maghorofa marefu yasiyo na lifti, yaliyobanana hadi vyumba vya ndani havioni jua. Giza lingemfaa anayelala mchana, lakini kelele za maduka, baa na majirani hupanda moja kwa moja katika uwazi wa katikati ya jengo. Asubuhi ya siku ya kazi, dakika kumi za kusimama kimya ndani ya chumba kitupu zitamwambia mengi kuliko maneno ya keateka.

Kisha kuna maji. Nairobi hutegemea sana bwawa la Ndakaini, Murang'a, na kampuni ya maji ya jiji huyagawa kwa ratiba, mtaa mmoja siku hizi, mwingine siku zile. Mtu anayetoka wodini na nguo zenye damu hawezi kusubiri Alhamisi. Aulize ukubwa wa tangi la jengo, na kama kuna kisima. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana fluraidi iliyopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani hupendekeza. Ya kufulia sawa, ya kunywa, hasa kwa mtoto ambaye meno yake bado yanaumbika, anunue mengine.

Pesa ndiyo huumiza zaidi. Daktari anayedhaminiwa na kaunti huendelea kupokea mshahara na hufungwa na mkataba wa kurudi kuhudumu. Anayejilipia karo anaweza kufanya kazi wodini bila mshahara, jambo ambalo madaktari wamelilalamikia kwa miaka mingi, na kwa haki. Wanagenzi, yaani madaktari walio katika mafunzo ya kazini, nao waliumia: mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 ulidumu siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na kiini kimojawapo kilikuwa malipo yao. Mkataba wa malipo wa 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali ilitaka kuwalipa 70,000. Mtu aliyekodi nyumba akitegemea kiwango cha kwanza angejikuta pabaya. Busara ni kuchukua nyumba ambayo akiba yake inaweza kuilipia miezi mitatu bila senti kuingia.

Mwanagenzi anayepelekwa Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ana nafuu kubwa. Hospitali hiyo iko kando ya Kangundo Road, na mtu akiishi Umoja au Komarock anafika kwa bodaboda, pengine hata kwa miguu. Pumwani, hospitali ya uzazi iliyoanzishwa mwaka wa 1926, iko jirani na Eastleigh, na aliyezoea Buruburu atahitaji kuijaribu njia hiyo asubuhi yenye foleni kabla ya kuamua.

Vyumba hupatikana zaidi mwisho wa mwezi, wapangaji wanapohama, na keateka hujua vitakavyoachwa kabla hata kibandiko cha "nyumba ya kukodi" hakijatundikwa langoni. Daktari afike wiki ya mwisho, alale kwa jamaa au mwenzake wa chuo, azunguke kwa miguu. Asitume amana kwa simu kwa nyumba ambayo hajaiingia. Akishalipa kodi ya kwanza na amana, adai risiti, apige picha za kuta, masinki na mita ya stima, kwani mabishano kuhusu rangi na vitasa hutokea siku ya kuhama, wakati yeye huenda yuko katika mtihani wa mwisho.