Upeo wa vigeu katika funksheni zisizo na jina

Mtu aliyeko Kisangani akiandika katika barua, "Hapa mvua imenyesha", na ndugu yake akaisoma akiwa Lubumbashi, neno "hapa" halihamii Lubumbashi. Maana yake yabaki mahali ilipoandikiwa barua. Watunzi wa lugha za kompyuta walikabiliwa na suala la namna hiyohiyo.

Funksheni ni fungu la maagizo lipokealo thamani na kurudisha jibu. Kigeu ni jina linaloshika thamani. Si lazima funksheni ipewe jina: katika miaka ya 1930 Alonzo Church, mwanahisabati wa Marekani, alibuni namna ya kuiandika kwa herufi ya Kigiriki lamda. Tuchukue mfano huu: "pokea x, rudisha x + kodi". Kigeu x kimefungwa, kwa kuwa funksheni yenyewe inakitangaza. Kodi ni kigeu huru; maana yake sharti itafutwe nje. Lakini nje ipi?

Tuseme funksheni hiyo iliandikwa mahali ambapo kodi ni 10, kisha ikaitwa mahali ambapo kodi ni 25. Tukiipa 100, upeo wa maandishi watoa 110, na upeo wa mwito watoa 125. Lisp, lugha aliyoibuni John McCarthy mwaka 1958, hapo mwanzo ilifuata upeo wa mwito. Majina mawili yakifanana kwa bahati tu, jibu hubadilika pasipo onyo lolote. Mwaka 1964 Peter Landin alieleza dawa: funksheni ifungwe pamoja na mazingira ilimozaliwa. Mwaka 1975 Gerald Sussman na Guy Steele waliijenga Scheme, tawi la Lisp, juu ya upeo wa maandishi, nao ndio unaotawala katika lugha nyingi za leo.

Hata hivyo, yafaa kutahadhari. Katika Scheme, Python na JavaScript, kinachohifadhiwa ni kigeu chenyewe, wala si thamani kiliyokuwa nayo siku ile. Kodi ya pale pa asili ikibadilishwa kuwa 12, jibu litakuwa 112. Katika C++, tangu mwaka 2011, mwandishi huchagua mwenyewe: nakala ya thamani, au kigeu chenyewe.

Basi msomaji wa programu, kama msomaji wa barua, na aulize kwanza jina liliandikiwa wapi. Kisha aulize kama mambo ya huko yamebadilika tangu hapo.