Kuondoa Magari Hakuleti Watu

Mwezi Agosti 2015 Jiji la Kigali lilifunga kwa magari kipande cha barabara ya KN 4, katikati kabisa ya mji, mahali penye benki, ofisi na maduka. Nia ilikuwa njema: mwananchi atembee bila kufukuzwa na honi, avute hewa safi. Magari yakaondoka kweli. Lakini kwa miaka kadhaa kilichobaki pale ni lami tupu iliyochomwa na jua la mchana. Hapakuwa na cha kumfanya mpita njia asimame, na wenye maduka wakalalamika kwamba wateja wamepungua.

Ukishuka kutoka hapo kuelekea Nyamirambo utafika Biryogo, mtaa wa Waislamu wa siku nyingi, ambako Kiswahili kimesikika barazani muda mrefu kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Mwaka 2021, katika kipindi cha Uviko-19, magari yalizuiwa mtaani hapo ili migahawa ipate nafasi ya kutoa meza nje na wateja wakae mbalimbali. Lami ikapakwa rangi, viti vikapangwa, na watu wakajaa. Mpaka leo mtu hutoka upande mwingine wa mji kwenda kunywa chai ya Biryogo na kula mishikaki katikati ya barabara, pale pale ambapo zamani angeogopa hata kusimama.

Mji ni mmoja na uamuzi ni ule ule wa kuzuia magari. Mbona matokeo yakatofautiana hivyo? Biryogo watu walikuwepo tayari. Walikuwa wanakula, wanauza, wanaswali, wanarudi nyumbani, na magari ndiyo yaliyokuwa yanawabana. KN 4 palikuwa mahali pa kuingia ofisini na kutoka. Yalipoondolewa magari bila kuletwa sababu ya mtu kubaki, hakuna aliyebaki. Miaka yote niliyofanya kazi ya mipango miji nimeona mjadala wa barabara ya waendao kwa miguu ukikwama hapo. Upande mmoja unapiga kelele “magari yatoke”, upande wa pili “biashara itakufa”, na hakuna aliyewahesabu watu wa mtaa ule wala kuuliza wanapita hapo kufanya nini.

Hesabu ya mita tatu

Tuanze na hesabu, maana barabara ni ardhi, na ardhi ya katikati ya mji haiongezeki. Chukua upana wa mita 3, yaani leni moja ya gari. Miongozo ya usanifu wa barabara inayotumiwa na miji mingi duniani inaonyesha kwamba leni hiyo ikiachiwa magari ya binafsi hupitisha kati ya watu 600 na 1,600 kwa saa. Upana huo huo ukiwa njia ya miguu, unaweza kupitisha hadi watu 9,000 kwa saa. Sasa kumbuka kwamba Nairobi karibu asilimia 40 ya safari za kila siku ni za miguu. Umati huo unaotoka masoko ya Gikomba na Muthurwa na mtaa wa River Road hubanwa kwenye ukingo mwembamba wenye mitaro wazi, huku gari moja lenye mtu mmoja likiegeshwa kutwa nzima mahali ambapo watu wawili wangepita sambamba.

Njia nzuri ya miguu ina sehemu tatu, na anayeichora lazima azitenganishe. Ya kwanza iko mlangoni mwa duka, ambapo mteja husimama kutazama bidhaa. Ya pili, ya katikati, ni ya kutembea tu: isipungue mita 2, ili viti viwili vya magurudumu vipishane bila mmoja kushuka barabarani. Ya tatu iko upande wa magari, na hiyo ndiyo ya miti, taa, viti na wachuuzi. Mahali ambapo sehemu hii ya tatu haikuchorwa, mama mboga hutandika gunia lake kwenye sehemu ya katikati. Anayetembea hulazimika kushuka kwenye lami, askari wa jiji huja na lori, na tunasema wachuuzi ndio tatizo. Tatizo ni mchoro uliomsahau mtu ambaye kila mmoja wetu alijua kwamba atakuwepo.

Sekunde kumi na saba

Kipimo cha pili ni kuvuka. Tazama bibi mwenye mkongojo amesimama ukingoni mwa barabara ya leni nne, kila leni mita 3.5. Mbele yake kuna mita 14. Kijana hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde. Bibi huyu anakwenda mita 0.8. Anahitaji sekunde 17 na nusu akiwa katikati ya magari, na mkono mwingine ameshika mjukuu. Sasa punguza leni ziwe mbili za mita 3 kila moja. Safari yake inakuwa mita 6, sekunde 7 na nusu. Ukilazimika kubakiza leni nne, mwekee kisiwa katikati apumzike na avuke kwa mafungu mawili. Saruji kidogo tu inamwondolea bibi huyu sehemu kubwa ya hatari.

Kivuko chenyewe kiinuliwe kilingane na njia ya miguu. Tumezoea mwenda kwa miguu ndiye ashuke kwenye ngazi ya gari, naye mwenye kiti cha magurudumu atafute wa kumbeba. Kivuko kilichoinuliwa hugeuza utaratibu huo: gari ndilo linalopanda, hivyo dereva hupunguza mwendo hata kama hakuona kibao. Kona za barabara nazo zikazwe. Kona pana iliyopinda polepole humruhusu dereva kukata bila kugusa breki. Kona kali humlazimisha apunguze mwendo na atazame.

Kuhusu mwendo, hesabu yake haina siasa. Dereva anahitaji kama sekunde moja na nusu kuona hatari na kufikisha mguu kwenye breki. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari limekwisha kula karibu mita 21 kabla breki haijagusa. Kwa kilomita 30, ni mita 12 na nusu. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita nane inaweza kuwa ndiyo maisha ya mtoto. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm mwaka 2020 ulitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara.

Hofu ya mwenye duka

Mwenye duka akisema anaogopa, tusimwite adui wa maendeleo. Analipa kodi ya pango kila mwezi na ana watoto shuleni. Hofu yake ina sehemu mbili, na kila moja ina jibu lake.

Sehemu ya kwanza ni wateja. Wauzaji wengi huamini kwamba mteja mwenye pesa huja na gari. Mwaka 2006 mjini Bristol, Uingereza, wafanyabiashara wa barabara mbili za maduka waliulizwa wateja wao hufikaje. Walikadiria kwamba asilimia 41 huja kwa gari. Wateja wenyewe walipoulizwa, waliokuja kwa gari walikuwa asilimia 22, na zaidi ya nusu walikuja kwa miguu. Tunamkumbuka mwenye gari kwa sababu hupiga honi na kulalamikia maegesho. Yule aliyepita akitoka kazini akanunua chaja na balbu hatumhesabu, ingawa hurudi kesho na keshokutwa.

Sehemu ya pili ni mizigo, na hapa mwenye duka ana haki kuliko wachoraji wengi wanavyokubali. Luthuli Avenue ya Nairobi ni mfano mzuri. Ni mtaa wa redio, runinga na spika, uliokuwa umesongwa na magari kiasi kwamba hata kupenya kwa ubavu ilikuwa kazi. Mwaka 2019 serikali ya kaunti, kwa ushirikiano na UN-Habitat, iliubadilisha: magari yakabakishiwa leni moja yenye uelekeo mmoja, njia za miguu zikapanuliwa, ikapandwa miti na kuwekwa viti. Wasiwasi wa wafanyabiashara ulikuwa wazi. Friji haibebwi mfukoni. Hamali mwenye mkokoteni akifika kwenye nguzo fupi zilizozuia njia, afanye nini? Ashushe friji, ainyanyue mgongoni, avuke nayo, au azunguke mtaa mzima juani?

Jibu ni kupanga saa na mahali. Malori yashushe mizigo alfajiri na baada ya maduka kufungwa. Mitaa ya pembeni itengewe sehemu za kushushia. Nguzo ziachane kwa upana unaopitisha mkokoteni lakini si gari. Haya hayagharimu fedha nyingi, ila yanataka hamali aulizwe kabla mafundi hawajachanganya saruji. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mhandisi anayefika mtaani kwa gari, akaondoka kwa gari, hawezi kujua kunguni wa Luthuli.

Nairobi pia ilijifunza kwa uchungu mnamo tarehe 3 Desemba 2018, matatu zilipozuiwa kuingia katikati ya mji. Abiria walishushwa mbali, wakatembea kwa kilomita kadhaa, wakiwemo wagonjwa na wajawazito, na mara agizo likasitishwa. Aliyetoa amri alifikiria gari likitoka, hakufikiria abiria akiingia. Barabara ya waendao kwa miguu bila kituo cha matatu au daladala mwendo wa dakika chache ni kisiwa kisicho na mtumbwi.

Walivyofanya wengine

Mabishano haya si ya Afrika peke yake. Novemba 1962 Copenhagen ilizuia magari kwenye Strøget, mtaa wa maduka wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Wafanyabiashara walipinga vikali. Walisema Denmark ni nchi ya baridi na watu wake hawana desturi ya kukaa nje. Ilianza kama jaribio, na mwaka 1964 ikawa ya kudumu. Leo ni miongoni mwa mitaa ya maduka yenye watu wengi zaidi Ulaya. Mji haukuishia kuzuia magari: hatua kwa hatua uliongeza viwanja na viti, huku wataalamu wakiongozwa na msanifu Jan Gehl wakihesabu watu wangapi wanapita, wangapi wamekaa, na wapi.

Chicago ilipata somo kinyume. Mwaka 1979 State Street ilifungiwa magari ya binafsi, ikaachiwa mabasi, na njia za miguu zikapanuliwa mno. Wakati huo wanunuzi walikuwa wanahamia maduka ya vitongojini. Watu wachache wakaonekana wamepotea kwenye uwanja wa saruji, na mahali panapoonekana patupu humfukuza hata yule mmoja aliyekuja. Mwaka 1996 magari yakarudishwa. Kwa hiyo anayekuambia kila barabara ikifungwa hustawi, na anayekuambia kila ikifungwa hufa, wote wawili hawajatazama.

Kigali yenyewe ilitazama. Jiji lilirudi KN 4, likaifumua na kuijenga upya: miti na bustani, viti, taa, njia ya baiskeli, vibanda vya biashara, mahali pa watoto kuchezea. Mwaka 2022 ikafunguliwa kwa jina la Imbuga City Walk. Imbuga kwa Kinyarwanda ni uwanja wa mbele ya nyumba, mahali ambapo watu wa nyumbani na wageni hukutana, na sikio la Mswahili husikia humo mbuga yake mwenyewe. Jina hilo linasema kile ambacho amri ya 2015 haikusema: watu waje, wakae.

Kabla hujainua mkono

Siku moja mkutano wa hadhara utaitishwa mtaani kwenu. Kenya, Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Kwingineko huitwa na serikali ya mtaa au manispaa. Mchoro utabandikwa ukutani, wenye miti ya kijani na watu wanaotabasamu. Nakuomba usikubali wala kukataa kwa kutazama picha hiyo. Uliza wamehesabu watu wangapi wanaopita hapo asubuhi, mchana na jioni. Uliza friji itafikaje dukani na mama mboga atakaa wapi. Uliza matatu itamshusha wapi mjamzito. Uliza nani atafagia, nani atamwagilia miti, na nani atamtoa mwenye bodaboda juu ya njia ya miguu baada ya wageni wa uzinduzi kwenda zao. Kisha uliza kama wanaweza kuanza kwa jaribio la miezi mitatu, kwa rangi, vyungu vya maua na viti vya kuhamishika, kabla ya kumwaga zege.

Na ukiwa na saa moja kabla ya siku hiyo, simama kwenye kona ya barabara hiyo na kalamu na karatasi. Piga mstari kwa kila gari na kwa kila mtu anayepita kwa miguu. Nenda na karatasi yako mkutanoni, uisome kwa sauti. Wakubwa wanaweza kubishana na maoni yako. Hesabu iliyofanywa na mkazi mbele ya mlango wake mwenyewe, hiyo ni vigumu kuibishia.