Kilima, Njia na Minara: Jiografia na Historia ya San Gimignano katika Zama za Kati

Mji wa San Gimignano umekaa juu ya kilima katika mkoa wa Toscana, Italia ya kati, kusini-magharibi mwa Florence na kaskazini-magharibi mwa Siena. Uko takribani mita 324 juu ya usawa wa bahari na unatazama bonde la mto Elsa, ambao huingia katika mto Arno. Hauna bandari, wala haupitiwi na mto unaobeba vyombo. Kwa hiyo swali linalostahili kujibiwa ni jinsi mji mdogo wa namna hii ulivyoweza kujenga minara ambayo kimapokeo huhesabiwa kuwa 72, na ni kwa nini takribani 14 kati yake ingali imesimama.

Sehemu kubwa ya jibu imo katika njia. Via Francigena, iliyowapeleka mahujaji Roma kutoka kaskazini mwa Ulaya, ilipita juu ya vilima hivi kwa kuwa sehemu za chini zilikuwa na majimaji na maradhi. Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipokuwa akirejea kutoka Roma mwaka 990, aliuorodhesha mji huu miongoni mwa vituo vyake. Wasafiri walihitaji malazi, chakula na fedha. Wenyeji wakavitoa, wakatajirika. Zafarani ya mashamba ya jirani, ambayo ni bidhaa nyepesi kubebeka na ya bei kubwa, iliuzwa mbali, na divai ya vernaccia ikajipatia sifa. Mwaka 1199 mji ulijitoa katika mamlaka ya Askofu wa Volterra ukaanza kujitawala.

Hata hivyo, kilima kilichowapa watu usalama kiliwanyima maji. Kisima kilichopo katikati ya uwanja mkuu kilijengwa mwaka 1273 na kupanuliwa mwaka 1346, ilhali chemchemi zenyewe zilikuwa chini, nje ya kuta. Kila ndoo ya chemchemi ilipandishwa mteremko. Jambo hili husahaulika upesi pale minara inapochukua nafasi yote katika maelezo.

Minara hiyo ilikuwa ngome za koo na alama za fahari. Ukoo wa Ardinghelli ulifuata Waguelfi, waliomuunga mkono Papa. Ukoo wa Salvucci ulifuata Waghibellini, waliomuunga mkono Kaisari. Ushindani ulifikia kiasi kwamba sheria ya mwaka 1255 ilikataza mtu binafsi kujenga mnara uliopita ule wa serikali, uitwao Rognosa, wenye kimo cha mita 51 hivi. Mnara mpya wa serikali, Torre Grossa, ulikamilika mwaka 1311 ukiwa na mita 54. Kabla ya hapo, mwezi Mei 1300, Dante alifika akiwa mjumbe wa Florence kuuhimiza mji udumu katika muungano wa Waguelfi wa Toscana.

Anguko la mji kwa kawaida huhusishwa na tauni ya mwaka 1348. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Florence na Siena zilikumbwa na tauni hiyohiyo, nazo hazikupoteza uhuru wao wakati huo. Tofauti ni kwamba San Gimignano ilikwisha kuanza kupoteza wasafiri, kwani sehemu za chini zilipopitika vizuri zaidi, misafara ilihamia bondeni. Tauni iliukuta mji wenye mapato yanayopungua na koo zisizopatana. Mwaka 1353 ulijiweka chini ya Florence.

Umaskini uliofuata ndio ulioihifadhi minara. Huko Florence, utawala wa mwaka 1250 uliamuru minara ya koo ipunguzwe hadi dhiraa 50, yaani mita 29 hivi, na baadaye matajiri walibomoa majengo ya kale ili wajenge makasri ya mtindo mpya. San Gimignano haikuwa tena na watu wengi wa kumudu gharama ya kujenga upya.