Saratani ya Matiti na Dawa za Miaka Mingi: Kauli ya Daktari Ina Uzito

 

Kujitibu ni jambo lililohimizwa katika Sunna. Mtihani huja pale tiba inapochukua miaka. Mwanamke aliyetibiwa saratani ya matiti inayochochewa na homoni huweza kuandikiwa tamoksifeni, kila siku, kwa miaka 5 na pengine 10. Uvimbe umeshaondolewa, lakini dawa inamletea joto la ghafla na jasho la usiku. Asipoelezwa kwamba inazuia maradhi yasirudi, ataiacha kimya kimya.

Somo tunalipata Ifakara, katika bonde la Kilombero. Katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ipo kliniki ya maradhi sugu inayohudumia wanaoishi na VVU. Maradhi ni mengine, mtihani ni ule ule: dawa ya kila siku kwa mtu anayejihisi mzima. Na wakulima wa mpunga wa bonde hilo huhamia mashamba ya mbali msimu wa kilimo. Kumwambia mtu huyo "usiache dawa" hakutoshi. Aulizwe: unakwenda shamba lini, unarudi lini, uchukue dawa za siku ngapi? Akikosa, aulizwe kilichomkwamisha. Mgonjwa aliyekaripiwa huficha, na daktari hawezi kutibu alilofichwa.

Visiwani kwetu, yafuatayo ni muhimu yazungumzwe wazi:

1. Ramadhani. Dawa inayomezwa mara moja kwa siku huweza kumezwa baada ya futari au wakati wa daku, kwa ushauri wa daktari, na funga ikaendelea. Daktari muaminifu akisema funga itamdhuru, Suratul Baqara aya ya 185 imempa mgonjwa ruhusa. Kuacha dawa ili afunge si uchamungu.

2. Damu. Dawa hii huweza kuvuruga hedhi. Damu isiyo ya kawaida, khasa kwa aliyekwisha koma hedhi, aelezwe daktari haraka. Hukumu ya swala yake aulize wanachuoni. Hakuna haya katika kuuliza dini wala katika kuuliza tiba.

3. Mimba. Haifai kushika mimba wakati wa kuitumia dawa hii, kwa hiyo mume naye aelezwe.

4. Dua na ruqya. Haviondoi haja ya dawa, vinakwenda pamoja.

Madaktari wetu, semeni kwa lugha nyepesi: dawa inafanya nini, kwa miaka mingapi, italeta adha gani. Waume, fuataneni na wake zenu kliniki, msikie wenyewe. Nawe dada yetu, ukichoka na dawa, sema kabla hujaiacha; adha nyingi zina njia ya kupunguzwa, na pengine ipo dawa nyengine.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Wallahu A'alam.