Milimita Moja Kooni mwa Mtoto: Somo la Kasi Zinazohusiana

Mama na mwanawe wa mwaka mmoja huweza kuambukizwa kirusi kimoja kwa siku moja. Mama akaishia kukaukiwa na sauti; mtoto, usiku huohuo, akaanza kukoroma kila avutapo pumzi, na kifua kikabonyea. Uvimbe ni uleule. Mbona madhara hayalingani? Jibu limo katika somo ambalo wanafunzi wengi wa kalkulasi huliogopa: kasi zinazohusiana.

Somo hilo huuliza hivi: ikiwa vipimo viwili vimefungamana, nasi twajua kimoja kinabadilika kwa kasi gani, je, cha pili kinabadilika kwa kasi gani? Kwanza hutafutwa mlingano unaoviunganisha. Pili hutazamwa jinsi kila upande unavyobadilika kadiri muda unavyopita. Mwisho huwekwa tarakimu za wakati husika. Kosa la kawaida ni kuweka tarakimu mapema, na hivyo kukifanya kipimo kinachobadilika kionekane kimesimama.

Mlingano wetu hutokana na majaribio ya daktari Mfaransa Jean Poiseuille, aliyepima mtiririko wa maji katika mirija myembamba ya kioo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1840. Kwa mtiririko mtulivu, nusukipenyo cha mrija kikipungua kuwa nusu, ukinzani huongezeka mara 16, yaani mbili kwa kipeo cha nne.

Tuseme njia ya hewa ya mtoto ina nusukipenyo cha milimita 2, na ya mama milimita 4. Uvimbe wa milimita 1 humwongezea mama ukinzani takriban mara 3. Mtoto, mara 16.

Sasa tuingize muda. Tuchukulie kwamba uvimbe unakua kwa milimita 0.1 kila saa, bila kubadili mwendo. Kalkulasi hutuonyesha kwamba, mwanzoni, ukinzani wa mtoto hupanda kwa kasi ya asilimia 20 kwa saa, na wa mama asilimia 10. Lakini nusukipenyo cha mtoto kifikapo milimita 1, ukinzani wake hupanda kwa kasi iliyo mara 32 ya ile ya mwanzo. Uvimbe haukuharakisha, hatari ndiyo iliyoharakisha.

Mwili si mrija wa kioo, wala tarakimu hizi si za mgonjwa fulani. Hata hivyo fundisho lake ni la kweli: saa kadhaa za utulivu hazithibitishi kwamba saa ijayo itakuwa tulivu.

Kwa hiyo, mzazi, ukisikia mtoto aliyetulia akikoroma avutapo pumzi, au ukiona kifua kikibonyea, mpeleke kituoni mara moja, usingoje kukuche. Mpakate, umtulize, kwani kilio huvuruga mtiririko wa hewa na kuongeza ukinzani. Nawe mhudumu, usimlazimishe kufungua kinywa ili umchungulie koo. Mpime, kisha umpime tena baada ya muda mfupi: kipimo kimoja hueleza hali, viwili hueleza kasi.